Kuyeyusha na Kumumunya

Mashindano ya Tasnifu Yangu kwa Sekunde 180 yana sheria chache. Mtafiti wa shahada ya uzamivu hupanda jukwaani peke yake, na slaidi moja, na hupewa dakika tatu za kueleza utafiti wake kwa watu wasio wa fani yake. Wazo lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Mwaka 2012 jumuiya ya Acfas ya Quebec ikalitia katika Kifaransa, na kwa njia hiyo likafika hadi Afrika. Mtafiti wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, akiingia, ataingia kwa Kifaransa. Ningependa ajipime kwanza kwa Kiswahili, nyumbani, mbele ya mama mkubwa wake, kwa sababu Kiswahili kitamwonyesha mahali ambapo maelezo yake mwenyewe hayajaiva.

Tuseme anatafiti shaba, kama inavyotarajiwa Likasi. Lubumbashi ilianza kutoa shaba kwa tanuri mwaka 1911: jiwe linapigwa moto mpaka metali inatiririka. Shituru, kiwanda kilichoanza Likasi mwaka 1929, kilifuata njia ya maji. Jiwe la kijani, malakiti, linasagwa na kutiwa katika asidi ya salfuriki. Shaba inatoka kwenye jiwe na kuingia majini. Kisha umeme unaitoa humo majini.

Mtafiti atasema, “Tunayeyusha jiwe kwa asidi.” Mama mkubwa ataona moto, na ana haki. Katika Kiswahili cha kila siku barafu huyeyuka, risasi huyeyuka tanurini, na chumvi huyeyuka majini. Kitenzi kimoja kimebeba mambo mawili, na kwa bahati mbaya hayo mawili ndiyo yanayotenganisha kiwanda cha Lubumbashi na cha Likasi. Sekunde 20 za kwanza zimekwenda, na msikilizaji yuko mji mwingine.

Vitabu vya sayansi vya Tanzania vina neno ninalolipenda kuliko mengi: mmumunyo, yaani maji yaliyobeba kitu ndani yake bila kitu hicho kuonekana. Limetokana na kumumunya, kula bila kutafuna, mate yakifanya kazi ya meno. Hapo hakuna moto hata kidogo. Mtu wa Likasi anakijua kitendo hicho tangu utotoni, kila msimu wa masuku: unaweka tunda mdomoni, unamumunya nyama yake tamu, unatema mbegu. Asidi hufanya vivyo hivyo kwa jiwe; inachukua shaba na kuacha mchanga. “Asidi inamumunya jiwe.” Maneno matatu, na mama mkubwa ameshaelewa kwa nini nje ya kiwanda kuna milima ya mabaki.

Neno hilo halisemi yote. Malakiti ni kaboneti ya shaba, na asidi ikiigusa hutoka povu la kaboni dioksidi: jiwe linavunjwa na kuwa kitu kingine, tofauti na chumvi ambayo maji yakikauka inarudi ilivyokuwa. Mtafiti mwaminifu aliseme hilo, hata kwa sentensi moja. Lakini aliseme baada ya kumumunya, si kabla.

Majina hayanisumbui kama vitenzi. Katanga shaba huitwa pia mukuba, na wenye umri wanakumbuka kwamba kuanzia 1971 hadi 1997 Shaba lilikuwa jina la mkoa mzima; mshindani achague lile linalokaa vizuri kinywani mwa wasikilizaji wake. Kathodi ya vitabu vya Dar es Salaam na katodi inayofuata Kifaransa ni bamba lilelile linalokusanya shaba. Majina husafiri bila kuumia. Mwaka 1955 wanasayansi walieleza madini ya buluu yenye shaba na nitrati kutoka mgodi wa Likasi, wakayaita likasiti, na tangu hapo jina la mji limo katika orodha za madini duniani kote. Kitu unaweza kukionyesha kwenye slaidi ile moja. Kitendo hakionyeshwi hivyo; lazima kitenzi kikijenge kichwani mwa msikilizaji, ndiyo maana natetea vitenzi vitafutwe ndani ya Kiswahili hata pale majina yanapokopwa.

Kimebaki kitenzi cha hatua ya mwisho, umeme unapoivuta shaba kwenye katodi. Kutuama hakufai, kwa kuwa shaba haizami chini kama tope. Kuganda kunaleta baridi isiyokuwepo. Kunata kunaleta gundi. Mimi ningechagua kuvaa: bamba linavaa shaba, tabaka juu ya tabaka, mpaka linakuwa zito la kutolewa na kupelekwa sokoni. Mwenye kitenzi bora akitoe; dakika tatu zina nafasi ya kimoja tu.