Nani Alishika Fedha za Shule? Miaka Hamsini ya Misaada na Madaraka ya Wilaya

Mwaka 2002 kamati za shule za msingi Tanzania Bara ziliingia katika kazi ambayo nyingi hazikuwahi kuifanya: kusimamia fedha za Serikali zilizowekwa katika akaunti ya shule yenyewe. Wakulima, wafugaji na wavuvi waliketi na mwalimu mkuu, wakapanga vitanunuliwa vitabu vingapi na darasa lipi liezekwe kwanza, kisha wakatakiwa kubandika hesabu kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi asome. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sawa na dola 10 hivi za Marekani kwa thamani ya wakati ule. Walimu waliita fedha hizo kapitesheni, na jina hilo limebaki hadi leo.

Nyuma ya shilingi hizo kulikuwa na mkopo nafuu wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2001, pamoja na misaada ya nchi za Ulaya. Lakini kilichoishughulisha nchi hakikuwa ukubwa wa mkopo peke yake. Swali lilikuwa fedha hizo zipite mikononi mwa nani kabla hazijafika darasani, na swali hilo lilikuwa limeulizwa mara kadhaa tangu uhuru, kila mara likipata jibu tofauti.

Halmashauri za wilaya zilizokuwapo baada ya uhuru zilikuwa na shule, zahanati na barabara zake, na kodi ya kuziendeshea. Zilikuwa na udhaifu mwingi. Makusanyo yalikuwa madogo na wataalamu wachache, na mwaka 1969 zilinyang'anywa kodi ya kichwa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizipa uhai. Mwaka 1972 zikafutwa kabisa, na za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mpango uliochukua nafasi yake ulijulikana kama Madaraka Mikoani. Ulitayarishwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani, na Mwalimu Nyerere aliueleza kama njia ya kumpa mwananchi sauti katika maendeleo yake. Kwa utendaji, kilichoshuka ni maofisa. Wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya waliteuliwa kutoka juu, wakapewa magari na bajeti, wakawajibika kwa waliowateua. Mwananchi wa kawaida alibaki bila diwani wa kumbana kwa kura.

Wafadhili waliukuta mfumo huo, nao ukawafaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mikoa iligawanywa kwa nchi na mashirika: Tanga kwa Ujerumani Magharibi, Kilimanjaro kwa Japani, Mtwara na Lindi kwa Finland, Rukwa kwa Norway, Kigoma kwa Benki ya Dunia. Kila mmoja alikuja na mpango wake wa maendeleo ya mkoa, wataalamu wake, karakana yake na namna yake ya kuandika hesabu. Visima vilichimbwa, madaraja yakajengwa, na hakuna sababu ya kuzibeza kazi hizo, kwa sababu watu waliyanywa maji yale. Ila mradi ulipofungwa, mara nyingi gari lilikosa vipuri na pampu ikakosa fundi, maana hapakuwa na chombo cha wananchi kilichoachiwa urithi huo pamoja na kodi ya kuutunza.

Elimu ilikwenda kwa mwendo wa namna yake. Nchi za Skandinavia zilikuwa zimeshajenga kituo cha elimu Kibaha katika miaka ya 1960 na kukikabidhi kwa Serikali mwaka 1970. Sweden ikasaidia sana elimu ya watu wazima, na kuanzia mwaka 1975 vikaanza kujengwa vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa kufuata mfano wa vyuo vya kwao. Mwezi Novemba 1974 kikao cha chama tawala, TANU, kilichofanyika Musoma kiliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Ndipo wakaja walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Wanavijiji walifyatua matofali, wakabeba mchanga na mawe. Nguvu iliyojenga shule zile ilitoka vijijini kwa sehemu kubwa, nami naona hesabu za misaada hazijawahi kuipa nguvu hiyo uzito wake.

Kisha uchumi ukaanguka. Bei ya mafuta ilipanda, vita na Iddi Amin vikala akiba, na mivutano na Shirika la Fedha la Kimataifa ikafuata. Mijini, kufutwa kwa halmashauri kulikuwa kumeacha takataka bila mwenyewe, na kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa miaka ya 1970, Serikali ililazimika kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa mwaka 1982, na Januari 1984 halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi. Mwaka huohuo, karibu na kung'atuka, Mwalimu alisema waziwazi katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache waliolikagua jambo lao kubwa kwa namna hiyo wakiwa bado madarakani.

Halmashauri zilirudi zikiwa maskini. Wazazi walianza tena kulipa ada, pamoja na michango ya kila aina: dawati, mlinzi, mitihani, jembe. Kufikia mwaka 2000, kati ya watoto 100 wenye umri wa kusoma shule ya msingi, walioandikishwa walikuwa 59 tu. Nchi iliyokaribia kuwaingiza watoto wote darasani miaka 20 nyuma ilikuwa imewapoteza wengi njiani.

Katika hali hiyo mawazo mawili yalikutana. La kwanza lilikuwa waraka wa sera ya serikali za mitaa wa mwaka 1998, ulioahidi kupeleka madaraka, watumishi na fedha kwa halmashauri zenye madiwani waliochaguliwa. Nchi kama Denmark, Uholanzi, Norway, Sweden, Finland, Ireland na Uingereza ziliweka fedha kwenye mfuko wa pamoja wa maboresho, badala ya kila moja kuwa na mkoa wake. La pili lilikuwa msamaha wa madeni, uliokuja na sharti kwamba kilichookolewa kiende kwenye huduma za jamii. Serikali ya Rais Mkapa ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza kwa miaka ya 2002 hadi 2006.

Watoto walifurika. Walioandikishwa shule za msingi walipanda kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Katika madarasa mengi walikaa watatu na wanne kwenye dawati moja, na wengine sakafuni. Ubora uliumia, na waliosema hivyo hawakupendwa: mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliipiga marufuku HakiElimu, asasi iliyokuwa ikichambua utekelezaji wa MMEM, isichapishe habari za shule.

Kapitesheni yenyewe inafaa kufuatwa shilingi kwa shilingi. Kwa mgawo uliopangwa, 4,000 kati ya 10,000 zilikuwa za vitabu, 2,000 za ukarabati, 2,000 za chaki na vifaa vya kuandikia, zilizobaki za mitihani na uendeshaji. Fedha zilitoka Hazina, zikapitia halmashauri, ndipo zikafika shule. Kila kituo kilikuwa na sababu ya kuchelewesha, na tafiti za kufuatilia fedha za umma zilionyesha kwamba kilichofika shuleni kilikuwa pungufu, mara nyingi kwa mbali, na hakikutabirika. Mwalimu mkuu hawezi kupanga mwaka wa masomo kwa fedha asizojua zitafika lini. Kiwango nacho hakikupanda. Zile shilingi 10,000 zilizokuwa dola 10 mwaka 2002 zilikuwa dola 5 hivi mwaka 2015.

Hapa ndipo naiona kasoro ya enzi nzima ya misaada ya ugatuaji. Kuanzia mwaka 2004, Benki ya Dunia na wafadhili waliokuwa kwenye mfuko wa pamoja waliunga mkono ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri, iliyogawanywa kwa kanuni ya wazi: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa umaskini, 10 kwa eneo. Halmashauri iliyofunga hesabu vizuri ilipata, iliyovuruga ilinyimwa hadi ijirekebishe. Ulikuwa utaratibu mzuri, na kwa mara ya kwanza wilaya ya pembezoni ilijua kwa nini imepata kiasi ilichopata. Lakini mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyotozwa na halmashauri, ilikuwa imefutwa, na fidia yake ikaja kama ruzuku. Walimu, ambao mishahara yao ndiyo mzigo mkubwa wa bajeti ya wilaya, waliajiriwa na kulipwa na Serikali Kuu. Halmashauri ikapewa mpango na mafunzo, ikakosa kodi na mamlaka ya kuajiri. Diwani alijifunza kusoma barua ya Hazina kwa makini kuliko malalamiko ya wapiga kura wake, na sidhani alikuwa na la kufanya.

Mambo mengi yaliyofuata yalirudi juu. Kuanzia Januari 2016, pamoja na elimu bila malipo hadi kidato cha nne, Hazina ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi mwanzoni. Uchelewaji ulipungua, na halmashauri ikarukwa. Karibu na wakati huohuo ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2017 barabara za wilaya zikakabidhiwa TARURA, wakala wa Serikali Kuu.

Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikopesha Tanzania dola milioni 567, takriban shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 katika miezi michache: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kazi ilifanywa kwa mafundi wa kawaida, huku shule na kamati zikinunua saruji na nondo na kusimamia. Ujuzi uliopandwa na MMEM karibu miaka 20 nyuma ulionekana hapo, nami nautaja kwa furaha. Kiwango kilikuwa kimoja kwa Bara nzima: shilingi milioni 20 kwa chumba. Shule ya kando ya barabara kuu ilipata kiasi kilekile na shule ya Ukerewe au Mafia, ambako kila mfuko wa saruji huvuka maji kabla ya kupakuliwa. Wenye kujua gharama ya kivuko hicho wako kwenye halmashauri ya kisiwa. Sera ya 1998 iliwaahidi kwamba hesabu ya namna hiyo wataipanga wao.