Tairi Sita Chini ya Nyumba

Mombasa, nilikojifunzia ufundi wa tairi, gari lenye tairi nne nyuma lilibeba saruji. Hapa Akron, Ohio, pikapu ya namna hiyo hubeba nyumba: kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Wenye magari haya hudhani tairi nne zinamaliza hesabu ya uzito. Historia ya kazi yetu inawakatalia.

Akron ni mji wa mpira. Benjamin Goodrich alihamia hapa 1870, Goodyear ikaanzishwa 1898, Firestone 1900. Malori ya wakati huo yalitembelea mpira mgumu usiojazwa upepo, yakitikisa mzigo na dereva. Mwaka 1917 Goodyear ilituma lori la tairi za upepo kutoka hapa hadi Boston. Njia ilikuwa tope tupu na tairi zilipasuka nyingi, ila ikaonekana kwamba upepo unaweza kubeba mzigo mzito. Harvey Firestone naye alihimiza mizigo isafirishwe kwa malori. Yeye, Henry Ford na Thomas Edison walikuwa wakienda kupiga kambi pamoja, wakifuatwa na gari la jiko.

Nyumba ya kupakia mgongoni mwa pikapu ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1965 Ford ilikuwa inauza pikapu iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, na 1973 Chevrolet ikatoa kiwandani pikapu ya tani moja yenye tairi nne nyuma.

Enzi hiyo ilituachia hatari moja: rimu za inchi 16.5. Tairi ya inchi 16 huingia kwenye rimu hiyo, lakini ukingo wake haukai kamwe. Fundi akizidi kujaza upepo akitumaini itakaa, hupasuka mbele ya uso wake. Kwa hiyo gari la zamani likija, nasoma rimu kabla ya kugusa tairi.

Kisha nasoma ubavu wa tairi. Chukua LT235/85R16 ya daraja E, saizi iliyozoeleka sana kwa pikapu hizi. Kwa upepo wa paundi 80, ikiwa peke yake inabeba kilo 1,380; ikifungwa pacha, kilo 1,260. Inapunguziwa kwa sababu pacha hawagawani mzigo sawasawa: barabara ina mgongo, upepo hutofautiana, na joto hunaswa katikati yao. Nne za nyuma ni kilo 5,040, wala si 5,520.

Ndiyo maana simfungii mtu tairi mpya kando ya kuukuu. Naweka rula ya chuma juu ya zote mbili. Vipenyo vikipishana zaidi ya robo inchi, ile kubwa itabeba mzigo wa mwenzake na kuchemka, na ndogo itaburuzwa hadi iishe.

Umri nao una namba zake. Tangu 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Nyumba hizi hulala msimu mzima wa baridi, kwa hiyo tairi huzeeka kashata zikiwa bado ndefu.

Akiulizia bei, namwambia mteja ajaze tangi la maji, apakie kila kitu na familia yake, aende kwenye mzani wa malori. Akirudi na uzito wa ekseli ya nyuma, ndipo tunazungumza tairi.