Chuo, jiko na chekechea: masomo ya kwanza ya mtoto wa Buyenzi

Habari za elimu ya Burundi huanzishwa kwa wamisionari. Mapadri wanafika, wanafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, kisha shule zinafuata. Ukisoma hivyo utadhani kabla ya hapo mtoto wa nchi hii hakufundishwa kitu. Bibi yangu, mzaliwa wa Buyenzi, huikataa simulizi hiyo kwa swali moja: "Na sisi tuliosoma chuoni je?"

Chuo anachokisema ni cha Kurani. Kilikuja na watu wa Ujiji na wa pwani waliofuata njia za biashara hadi Usumbura, mji ambao Wajerumani waliufanya kituo cha kijeshi. Wajerumani walitumia Kiswahili katika kazi za serikali. Wabelgiji, waliouteka mji mwaka 1916, hawakukipenda sana, na walipoupanga mji Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili. Elimu waliiacha zaidi mikononi mwa misheni, na wazazi wengi Waislamu waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa. Basi mlango wa kwanza wa kusoma ukawa baraza la mwalimu wa Kurani.

Bibi alipelekwa akiwa na miaka mitano. Walikaa mkekani, wakubwa wakiwasomesha wadogo, kila mmoja na ubao wake ulioandikwa kwa wino wa masizi. Herufi waliziimba: alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhuma u. Fimbo ilikuwepo, na hilo bibi halifichi. Wala Kiarabu hawakukielewa. Lakini mwalimu aliwaeleza kila jambo kwa Kiswahili, lugha waliyotoka nayo nyumbani, na mtoto alijua mapema kwamba alama ina sauti.

Jioni darasa lilihamia jikoni. "Kitendawili!" "Tega!" Kwa majirani wa Kirundi ilikuwa "Sokwe!" "Niruze!", na watoto wa Buyenzi waliitikia kote kuwili. (Mimi mwenyewe sikumbuki nilianza na lipi.)

Baada ya uhuru wa 1962 serikali iliona umuhimu wa lugha ya nyumbani: mageuzi ya 1973 yaliingiza Kirundi kama lugha ya kufundishia miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa Buyenzi haikufikiriwa. Kiswahili kilikuja kupata nafasi kama somo katika miaka ambayo Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007. Chekechea zilibaki pembeni. Nyingi za mjini ni za watu binafsi, za kulipia, na kinachomvuta mzazi ni Kifaransa.

Mwaka jana mdogo wangu wa miaka minne alianza chekechea moja hapa mjini. Nyumbani hanyamazi. Huko walimwambia mama kwamba mtoto hasemi, huenda ni mzito, na kwamba tuzungumze naye Kifaransa tu. Mama hakukisoma Kifaransa zaidi ya cha sokoni. Kwa miezi mitatu hakumtegea kitendawili hata kimoja. Alimwogesha na kumlisha kimya kimya, akiogopa kumharibia. Sidhani kama mwalimu yule alijua alichokuwa anakizima.

Bibi ndiye aliyeuvunja ukimya huo. Alimkalisha jikoni na ungo wa maharage, wakawa wanachambua na kuhesabu, kwanza kwa Kiswahili, siku nyingine kwa Kirundi. Hesabu ya Kifaransa ilipofika shuleni, mtoto alikuwa tayari anajua tano ni nini. Alibaki kujifunza jina lake tu.

Walimu wa vyuo vile hawamo katika orodha ya wajenzi wa elimu yetu. Nimeanza kuandika majina yao, barabara kwa barabara, kwa kuwauliza wazee wa mtaa. Nimefika barabara ya saba, na wazee wawili niliopanga kurudi kwao wameshafariki.