Chuo kilichojengwa kwa pesa ya sigara

Wadau, leo naomba tuzame kidogo kwenye historia. Vyuo vingi vya Marekani vimeshapiga marufuku sigara. Ozarks Technical Community College, cha Springfield, Missouri, kiliifuta tumbaku kwenye eneo lake lote tangu 2003. Lakini kisa kinachonikuna mimi ni cha Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, North Carolina, maana chuo hiki kilijengwa kwa pesa hiyo hiyo ya sigara.

Zamani sigara zilisokotwa kwa mkono. Msokotaji hodari alitoa elfu chache tu kwa siku. Miaka ya 1880 kijana James Bonsack akabuni mashine iliyoweza kutoa kama 120,000 kwa saa kumi. James Buchanan Duke akaichangamkia, akamwaga fedha kwenye matangazo, na mwaka 1890 akaunganisha makampuni makubwa yakawa American Tobacco. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamuru kampuni hiyo ivunjwe kwa kuhodhi soko, lakini utajiri ulishapatikana. Mwaka 1924 Duke akaanzisha mfuko wa dola milioni 40, na Trinity College kikabadilishwa jina kuwa Duke. Sanamu yake ikasimamishwa mbele ya kanisa la chuo, mkononi kashika sigaa, ile sigara nene ya majani matupu.

Wanafunzi nao walikuwa soko. Makampuni ya sigara yalitangaza kwenye magazeti ya vyuo hadi 1963 yalipokubali kuacha. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikatoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu.

Sasa angalieni mwendo wa Duke. Hospitali zake zilikataza tumbaku kwenye maeneo yake 2007. Chuo chenyewe kilitangaza katazo 2018, likaanza Julai 1, 2020. Yaani mgonjwa alikingwa kwanza, mwanafunzi akangoja miaka 13! Tena katazo hilo lilianza na tumbaku inayowashwa tu: sigara, sigaa, kiko na shisha. Kampasi isiyo na moshi si lazima iwe isiyo na tumbaku.

Wapo watakaosema hiyo ni fadhila ya punda. Mtu kakujengea madarasa, wewe unaifukuza biashara yake getini. Mimi sikubali. Mfadhili wa 1924 alitoa pesa, hakununua mapafu ya watakaosoma pale baada yake. Ninachokipenda zaidi ni ile miaka miwili ya maandalizi. Uvutaji ni uraibu. Ukiweka kibao na mlinzi bila kumsaidia anayetaka kuacha, utakuwa umehamisha moshi tu, kutoka uani kwenda nje ya uzio, na mfagizi anayevuta ndiye atakayeadhibiwa kuliko profesa mwenye gari la kujifungia.

Hapa kwetu mjadala huu hauko mbali. Kule Tabora tumbaku inasomesha watoto, na siwezi kumcheka mkulima anayeitegemea. Ila mtoto yule aliyelipiwa ada na tumbaku akifika chuoni, hana deni la kuivuta, wala la kuvuta moshi wa mwenzake.