Polka ni ya nani?

Niliwahi kuandika gazetini kwamba polka ni "ngoma ya asili ya Poland". Mhariri akaipitisha, msomaji akaniumbua. Alikuwa na haki. Polka ilizaliwa Bohemia, kwa Wacheki, miaka ya 1830, na katikati ya miaka ya 1840 ilikuwa imeshaiteka Paris. Ngoma ambazo Wapolandi wenyewe huziita za taifa ni tano: polonez, mazur, krakowiak, kujawiak na oberek. Polka haimo.

Sasa imekuwaje, ukifika Chicago au Buffalo, mjukuu wa Mpolandi akwambie kifua mbele kwamba polka ndiyo asili yake?

Jibu nililipata kwenye historia ya wafanyakazi. Kabla ya vita vya 1914, Wapolandi wengi sana walihamia Marekani. Wakati huo Poland haikuwepo hata kwenye ramani. Urusi, Ujerumani na Austria zilikuwa zimegawana ardhi yake. Wengi wao walikuwa wakulima, na huko ng'ambo wakaishia kwenye machinjio na viwanda vya chuma. Polonez ilinukia kasri za mabwana. Polka ilichezeka baa, harusini, kwenye ukumbi wa parokia, Jumamosi usiku mtu akiwa na mshahara mfukoni.

Chicago ikaipa sauti yake. Walter Jagiello, maarufu kama Li'l Wally, alizaliwa huko mwaka 1930, akaanza kuimba kwenye baa za Division Street akiwa bado mtoto. Bendi kubwa za mashariki mwa Marekani zilipiga polka ya mbio, yenye nota zilizopangwa vizuri. Yeye akaipunguza kasi, akatumia bendi ndogo na konsertina, ndugu yake kodiani tunayoijua kwenye taarab, na akaimba kwa Kipolandi nyimbo walizokuja nazo wazee kutoka vijijini. Mwaka 1951 akaanzisha lebo yake mwenyewe, Jay Jay.

Lakini anayenigusa zaidi ni Eddie Blazonczyk, naye mtoto wa Chicago. Ujanani alipiga rock and roll, na kwenye rekodi hizo alijiita Eddie Bell. Jina fupi, halimkwazi mtangazaji wa redio. Mwaka 1963 akaunda bendi ya polka, Versatones, na jina Blazonczyk likarudi na herufi zake zote.

Fikiria ni wakati gani huo. Katika miaka ya 1960 na 1970 Marekani ilijaa vichekesho vya kumfanya Mpolandi juha. Kuna waliobadilisha majina ili wapumue. Wapolandi waliosoma nao waliionea polka haya: kwao fahari ya taifa ni Chopin, siyo bia na soseji. Kwa hiyo mtu aliyepanda jukwaani kwa jina refu la baba yake, akapiga muziki unaochekwa na wageni na hata na baadhi ya ndugu zake, alikuwa anasema jambo zito. Blazonczyk alikuja kushinda tuzo ya Grammy.

Nakiri kuna utata. Wapolandi waliohamia Marekani miaka ya 1980 waliwakuta binamu zao wakijivunia muziki ambao kule Poland hakuna anayeuona kuwa nembo ya taifa. Na aliyenyakua Grammy nyingi kuliko wote kwa polka ya mtindo wa Kipolandi, 18 kwa jumla, ni Jimmy Sturr, mtu wa New York mwenye asili ya Ireland! Mwaka 2009 kipengele chenyewe cha polka kikafutwa kwenye Grammy.

Mwanzoni mambo hayo yalinifanya nione fahari yao kama kosa la historia, kama lile la kwangu gazetini. Sasa sioni hivyo. Mimi nilikosea kwa uvivu wa kutosoma. Wao waliokota ngoma ya jirani, wakaimba ndani yake lugha ambayo watoto wao walikuwa wanaisahau, wakaichezea kwenye harusi za vizazi kadhaa. Ningepewa nafasi ya kuisahihisha ile sentensi, ningeandika hivi: polka ilitoka kwa Wacheki, na Wapolandi wa Chicago wakaifanya yao.