Bagpaipu Yako ya Kwanza: Usichome Bonasi ya Chai

Kampuni ya James Finlay iliyopanda chai Kericho miaka ya 1920 ilianzia Glasgow, Uskoti, so usishangae msee wa Bomet akitaka bagpaipu.

Lakini bonasi imeingia juzi, tulia. Anza na chanta ya mazoezi: ni kama zumari ndogo, haina mfuko, noti tisa tu. Kaa nayo miezi kadhaa mpaka vidole vishike. Bei iko chini, na majirani hawatakuchukia sana.

Ukifika kwa mfuko, cheki mbao. Zile za maana ni za mpingo, mti wa hapa tu Tanzania, ila mbao ikiloa halafu ikauke haraka hupasuka, na mvua ya Kericho unaijua. Chukua ya plastiki ngumu. Zile za bei ya kutupa online ni mapambo ya ukuta, hazishiki tuni.