Tao la tanjenti

Kutoka Lac Vert, mtaa wa magharibi mwa Goma uliopewa jina la ziwa dogo la kreta, mlima Nyiragongo uko kaskazini-mashariki. Kilele chake kina mita 3,470 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu, hapo jirani, liko kwenye mita 1,460. Tofauti ni kama mita 2,000. Tuseme umbali wa mlalo ni kilomita 16. Gawa 2,000 kwa 16,000 upate 0.125: ndiyo tanjenti ya pembe anayoinua jicho mtu wa Lac Vert akitazama kileleni. Pembe yenyewe je?

Kutoka kwenye uwiano kurudi kwenye pembe ni kazi ya vitendakazi kinyume vya trigonometria. Kinachohitajika hapa huitwa kinyume cha tanjenti, na huandikwa tan yenye -1 juu yake. Jina si kosa, ila lina mtego: mwanafunzi akiona -1 juu ya tan hudhani ni 1 kugawa kwa tanjenti, ambayo ni kotanjenti. Hapa angepata 8.

Goma hisabati ya sekondari husomwa kwa Kifaransa, na huko jina ni arc tangente: tao ambalo tanjenti yake inajulikana. Nami nachagua tao la tanjenti, kwa kuwa linafumbua kinachowatatiza wanaoanza JavaScript. Andika Math.atan(0.125), ikujibu 0.1244 hivi. Hizo si nyuzi. Ni tao hasa, urefu wa kipande cha mzingo wa duara lenye nusukipenyo 1, yaani radiani. Zidisha kwa 180, gawa kwa Math.PI: nyuzi 7.1. PHP ina rad2deg ya kazi hiyo. JavaScript inakuachia mwenyewe.

Math.asin na Math.acos, za sini na kosini, hazipokei namba nje ya -1 hadi 1. Desimali ikizidi hata chembe, jibu ni NaN, yaani si namba, tena kimyakimya.

Kutafuta uelekeo kwenye ramani ndipo pagumu. Ukianzia Nyiragongo, Lac Vert iko kusini na magharibi: namba zote mbili, ya kaskazini na ya mashariki, ni hasi, na hasi kwa hasi zikigawanywa hufutana. Math.atan basi hutoa jibu lilelile kwa kwenda na kwa kurudi. Math.atan2 hupokea namba zote mbili kabla hazijagawanywa, ya kaskazini ikitangulia ya mashariki, kwa hiyo alama hazipotei. Lakini huanza kuhesabu mashariki, kinyume cha mwendo wa saa, ilhali dira huanza kaskazini na kufuata saa. Anayetaka mshale wa dira aipe ya mashariki kwanza.